Ng'ombe wa Nyuzi Saba

Uzi ule mnene ulikuwa na joto. Muhire aliondoa kidole, akakitazama, akakirudisha, na bado joto lilikuwepo, kama mtu ametoka kuugusa sasa hivi. Nyumba yenyewe ilikuwa na ule ubaridi wa msituni unaoingia hadi ndani ya godoro, na magitaa mawili yaliyoegemezwa ukutani yalikuwa na nyuzi zilizoota kutu mpaka zinaacha rangi mkononi. Hili la tatu lilikuwa safi. Tena lilikuwa limekazwa sawasawa, kila uzi mahali pake, na wapiga gitaa wote wanajua kwamba chombo kisichoguswa hulegea kikakuchosha masikio kabla hujakipatanisha. Hili lilikuwa limelala ndani ya mkeka tangu mwenyewe azikwe, na lilikuwa tayari kupigwa.

Mtu mwenye akili zake angelirudisha mkekani. Lakini nani amewahi kumwona mpiga gitaa mwenye akili zake mbele ya gitaa?

Muhire alikuwa mtoto wa wafugaji wa milimani, upande wa Lushebere, Masisi. Asubuhi aliuza maziwa, Jumapili aliibeba kwaya ya kanisa mgongoni. Mpiga besi wao alikuwa amehamia Goma na besi yake, na tangu hapo nyimbo zao zilielea tu hewani, hazina pa kukanyaga. Waumini walichanga wakapata mchango wa chombo kimoja, si viwili. Ndipo Muhire akalilia gitaa la nyuzi saba: sita za kuimbisha, na ule wa saba, mnene, unaoshuka mpaka kule besi inakokaa. Mtu mmoja, kazi mbili. Déo, mwendesha pikipiki aliyekuwa anapanda na kushuka ile barabara kila wiki, ndiye aliyemletea habari kwamba kule Mpofi, katika Walikale, kuna mjane anauza vyombo vya marehemu mumewe, mwanamuziki ambaye barabara nzima ilimjua kwa jina la Vieux Solo, yaani Mzee Solo.

Mjane huyo, Mama Elisabeth, alimkaribisha vizuri, akampa ndizi za kuchemsha, akampangia magitaa mawili mbele yake. Moja jekundu la nyuzi sita, na besi iliyopasuka shingo.

"Chagua, mutoto yangu."

"Na ile ya kamba saba, Mama? Déo aliniambia iko."

Mama Elisabeth aliutazama mkeka uliokuwa kwenye kona. "Ile siuzishe. Haiko yangu. Mwenyewe alisemaka ataipana na mukono yake."

"Mwenyewe si alikufaka?"

"Njo vile alisema," akajibu, na kabla Muhire hajauliza zaidi mvua ikaanza kupiga mabati, na mama akatoka mbio kuokoa mihogo yake iliyokuwa imeanikwa nje.

Sasa Muhire alikuwa amelipakata gitaa lile la mkekani. Alipiga ule uzi wa saba mara moja, taratibu. Hakukuwa na ampli wala umeme, gitaa la umeme bila waya hulia kama nzi ndani ya kopo, lakini sauti ile ilishuka kwenye mbavu zake ikatulia huko. Nusura alie kwa furaha.

"Imekupenda," ikasema sauti ya mwanamume kutoka nyuma ya pazia la chumbani. Ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Chukua. Minakupatia."

Muhire aliruka akasimama. Akadhani ni shemeji wa mjane, labda mgonjwa aliyelala. Akainama, akaweka mikono miwili mbele kama mtu anayepokea. "Aksanti, Papa! Minashukuru nani?"

"Léopold."

Hapa ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mtoto wa wafugaji tu. Mtu mwingine angesema asante akaenda zake. Kwao Muhire, zawadi kubwa kuliko zote ni ng'ombe, na aliyekupa ng'ombe unamtaja kwa jina maisha yako yote. Ukitaka kuaminiwa unaapa kwa jina lake. Kwa hiyo moyo ulipomjaa, kinywani kikamtoka kile alichofundishwa na baba yake.

"Papa Léopold, umenipa ng'ombe!"

Kisha sauti ikarudia, "Ng'ombe," polepole, kama mtu anayeonja kitu. "Na kwenu, ng'ombe ya kupewa munarudisha je?"

"Mutoto wake wa kwanza, kama ni mwanamuke, anarudia kwa mwenye alitoa," Muhire akajibu, tena kwa majivuno, maana ni desturi nzuri na alipenda kuieleza kwa wageni.

"Ni muzuri," ikasema sauti. "Ni muzuri sana, ile."

Mama Elisabeth aliingia amelowa, ungo wa mihogo kichwani. Alipomwona na gitaa mkononi, alisimama palepale mlangoni akiacha mvua imnyeshee mgongo.

"Papa Léopold amenipatia," Muhire akasema haraka, akionyesha pazia kwa kidevu.

Mama hakulitazama pazia. Aliweka ungo chini. Mchango wa kanisa aliosukumiwa hakuugusa. "Kama Léopold amekupatia, mimi niko nani? Enda nayo. Enda sasa hivi, ata kama mvua inanyesha."

Njiani pikipiki ya Déo ilizama kwenye matope, wakashuka kuisukuma, na Muhire, ambaye hakuwa ameacha kutabasamu tangu Mpofi, akamsimulia Déo habari za yule mzee mkarimu.

Déo aliacha kusukuma. "Léopold gani?"

"Wa mule nyumbani. Wa chumbani."

"Kaka, mule Mama Elisabeth anaishi peke yake. Na Léopold njo jina ya batizo ya Vieux Solo."

Muhire alicheka. "BaLéopold beko wengi Walikale muzima."

Déo hakucheka. Walipopanda tena, aliomba gitaa lisikae katikati yao, lifungwe nyuma kwenye karia. Alisema lilikuwa linamchoma mgongo.

Nyumbani Christa, mke wa Muhire, alikuwa na mimba ya miezi mingi, mimba iliyochelewa hata majirani wakamaliza maneno yote ya kumsema wakaanza kuyarudia. Walikuwa wameshachagua jina, akizaliwa msichana ataitwa Gisubizo, yaani jibu. Na jioni ile ile ya kwanza, Muhire alipochomeka gitaa kwenye kiampli chake cha betri, wimbo ukamjia mzima mzima, maneno na sauti, kama umekuwa ukimngoja mlangoni, kasoro kiitikio tu, alichokitia mwenyewe. Ulikuwa wimbo wa binti anayesubiriwa na kilima kizima, ng'ombe wanageuza vichwa njiani kumtazama kama anakuja. Kwaya iliuimba Jumapili iliyofuata. Wanawake walilia, wanaume wakajifanya wanapenga kamasi, na parokia za jirani zikaanza kutuma ujumbe zikiutaka. Muhire hakuwahi kutunga kitu kizuri namna ile, na alijua. Alitembea kijijini kama mtu mwenye viatu vipya.

Harufu ndiyo iliyoanza. Nyumba ya wafugaji inanuka maziwa na moshi wa kufukizia vibuyu, na mtu wa huko hata samaki haingizi ndani kwa kuogopa ng'ombe wasije wakakataa kukamuliwa. Sasa kila asubuhi ilikuwapo harufu ya nyama ya mwituni iliyokaushwa juu ya moto, nyani au paa, harufu ya Walikale kabisa, imekaa kwenye kona ya gitaa. Christa alifagia, akamwaga maji, akafukiza majani. Ng'ombe walianza kumkimbia Muhire akienda kuwakamua. Walimjua tangu wakiwa ndama, na sasa walipanua pua wakarudi nyuma hadi uzio ukalia.

Siku moja alfajiri alikuwa zizini, ndoo katikati ya magoti, aliposikia Christa akimwita kutoka mlangoni kwa sauti ya chini.

"Muhire. Uko unapiga?"

"Minakamua. Niko hapa."

Christa aliitazama ndoo, akamtazama yeye, kisha akageuka polepole kutazama ndani ya nyumba alikotoka. Hakurudi ndani mpaka mumewe alipomshika mkono. Gitaa lilikuwa ukutani, waya umekunjwa chini. Uzi wa saba ulikuwa bado unatetemeka.

"Mutoto anasikia," Christa akanong'ona, mkono tumboni. "Kila ile kamba mukubwa inalia, anageuka. Harukiruki kama siku zote. Anageuka pole pole, anaangalia kwenye inatokea."

Muhire alimwambia ni upepo, nyuzi huitikia upepo. Alisema vile kwa sababu alikuwa na hofu, na kwa sababu hakutaka kulitoa gitaa. Ukweli usemwe, aliogopa kulipoteza kuliko alivyoogopa kitu chenyewe.

Kisha ukaja ule mchana wa ukungu. Masisi ukungu hushuka saa yoyote, unameza miti, unameza ng'ombe, unabaki na kengele tu. Muhire alikuwa amepeleka maziwa. Aliporudi alimkuta mkewe amekaa chini ya meza, na vibuyu alivyokuwa anaviosha vimeachwa nje vikijaa mvua.

"Muntu alikuya," Christa akasema. Alikuwa anaongea polepole, akichagua kila neno asije akalia. "Alisimama kwa lango ya zizi. Koti nyeusi, mupya, kavu kabisa, na mvua ilikuwa inanyesha, Muhire, mi mwenyewe nilikuwa nimelowa. Akaniuliza, 'Ng'ombe yangu inaendelea?' Nikamwambia, Papa, bile ng'ombe biko bya mukwe wangu. Haangalie ng'ombe hata moja. Anaangalia tumbo yangu. Akasema, 'Kumbe iko karibu kuzaa. Minangoya ule wa kwanza.'"

"Alisema jina?"

"Hapana. Alikuwa ananuka nyama ya moshi."

Muhire hakungoja ukungu uondoke. Alilibeba gitaa mpaka kanisani, akalifungia kwenye chumba cha vyombo, akaenda kumtafuta Mama Solange, kiongozi wa maombi, mwanamke aliyekwisha kufukuza mapepo mengi hadi akawa anayasema kama majirani wakorofi. Walipokaribia kanisa pamoja, mama akasimama.

"Nani amewasha groupe?"

Hakuna aliyewasha. Jenereta lilikuwa chini ya turubai lake, tangi tupu, maana mafuta yalikuwa yameisha Jumapili. Lakini bafle za kanisa, zile spika kubwa, zilikuwa zinaguruma, na kadiri walivyosogea ndivyo mngurumo ule ulivyogeuka kuwa wimbo, wimbo wa binti anayesubiriwa, unapigwa kwa ule uzi mnene peke yake, taratibu kuliko kwaya ilivyouimba, na chini yake kulikuwa na mtu anauguna, anautafuta kama anayejifunza, anakosea, anarudi nyuma, anaanza tena, na kila akirudi anapata kidogo zaidi, hata Muhire akahisi nywele za mikono zikisimama kwa sababu alitambua kwamba aliyekuwa ndani mule alikuwa anaushika kwa moyo.

Mama Solange aliinua Biblia akaingia. Aliomba kwa sauti kuu, akaamuru, akakemea, jasho likamtiririka katika baridi ile. Bafle zikanyamaza. Muhire akataka kusema haleluya, lakini mama alikuwa amenyamaza naye, ameinamisha sikio kama anayeelezwa jambo. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Huyu hakuvunja mulango," akasema kwa sauti ndogo. "Banamukaribisha. Minamwambia atoke kwa jina la Yesu, ananijibu muzuri, na heshima: nitatoka wakinipa yangu. Muhire, ulimuahidi nini?"

Muhire akakaa kwenye benchi la mbele akaeleza yote, na alipofika kwenye lile neno la ng'ombe, alijisikia mwenyewe jinsi lilivyokuwa ahadi.

Papa Gatera, baba yake, alisikia habari ile akiwa amesimama na fimbo yake. Kisha akasema, "Ulishukuru gitaa kama ng'ombe?"

"Nilifurahi, Papa."

"Ulifurahi! Na yeye akakuuliza inarudishwa je, na wewe ukamufundisha!" Mzee alipiga fimbo chini. Alikuwa na hasira, lakini macho yake yalikuwa na machozi, maana alikuwa amemngojea mjukuu huyu kuliko mtu yeyote. "Sasa hauwezi kuitupa. Ukitupa zawadi ya muntu, umemutukana, na atakamata ile anataka. Deni ya ng'ombe inalipwa na ng'ombe."

Akatoa mtamba wake mzuri kuliko wote, mwekundu, asiyejua hata fimbo. Jioni, ukungu ukiwa mzito, wakamfunga langoni, Papa Gatera akasema maneno ya kurudisha kama anavyopaswa, kwa jina la Léopold, kisha wote wakaingia ndani wakafunga mlango. Walikaa karibu na moto. Walisikia kwato zikisogea, zikapiga udongo mara kadhaa, zikatulia. Wakasikia kamba ikifunguliwa, si kukatika, kufunguliwa, kwa utaratibu wa mtu mwenye vidole. Christa akamshika mumewe kiganja akakibana. Kwato zikaanza tena, lakini hazikwenda upande wa barabara, zilikuja upande wa nyumba, hatua kwa hatua, zikakaribia, zikafika mlangoni, na mlango ambao Papa Gatera mwenyewe alikuwa ameukomea kwa mti ukafunguka kimya kama pazia, na mtamba akasimama pale, kichwa chini, anatetemeka mwili mzima, kamba yake imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya mgongo.

"Amekataa," akasema Papa Gatera.

Hapo ndipo Christa alipoongea. Tangu siku ya ukungu alikuwa mkimya, na walikuwa wamezoea kuongea juu yake kana kwamba hayupo.

"Hakutoaka ng'ombe," akasema. "Alitoa gitaa. Gitaa inazaa nini? Si inazaa wimbo? Wa kwanza ulikuwa gani?"

Muhire akachochea moto, na Christa akajijibu mwenyewe.

"Njo ule wimbo wa binti. Mupe."

Ilimchoma, na aibu yake ni kwamba ilimchoma. "Christa, ule wimbo njo mutoto yangu wa—"

Hakumaliza. Mkewe alikuwa anamtazama, mikono miwili tumboni, na alikuwa anamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Muhire aliona haya mpaka masikio yakawaka. "Nitaenda kesho," akasema.

Muhire alilitoa gitaa kanisani, lakini Déo hakutaka kumbeba hadi Mpofi. Alikubali kwa ajili ya Christa tu, na safari nzima aliimba zaburi kwa nguvu ili asisikie kilichokuwa kwenye karia. Mama Elisabeth aliwapokea mlangoni kama aliyekuwa anawangoja. Hakuuliza. Alimwongoza Muhire nyuma ya nyumba, kupita migomba, hadi pale shamba linapoishia na msitu unapoanzia, na kulikuwa na kaburi lisilo na msalaba, limefagiliwa.

"Umuimbie hapa. Usiharakishe. Hakupendaka wimbo ya haraka."

Ulikuwa mchana, jua limetoka, ndege wanalia. Muhire alisimama akasema maneno ya baba yake: "Papa Léopold, ulinipa ng'ombe, imezaa, nimekuletea mutoto wake." Kisha akapiga. Hakukuwa na waya, hakukuwa na ampli, na sauti ilitoka kubwa kama ya kanisa lote. Ndege wakanyamaza. Aliimba ubeti wa kwanza na alipoumaliza akahisi umetoka, umeng'oka kama jino, na pale ulipokuwa hapakuwa na kitu tena kichwani mwake. Alipata nafuu. Alisema moyoni, basi ndivyo, uende, nitakuwa na mwanangu.

Akaingia kwenye kiitikio, na katikati ya mstari akakumbuka jina. Lilikuwa ndani ya kiitikio, lilikuwa ndilo kiitikio chenyewe, linarudiwa na kurudiwa, Gisubizo, Gisubizo, alikuwa ameliweka mwenyewe kwa mapenzi yake yote, na sasa aliuma ulimi asilitamke, akafunga midomo, akajaribu kuondoa vidole kwenye nyuzi na vidole havikutoka, na ule uzi wa saba ukaanza kushuka peke yake, ukimvuta koo kama mtu anavyovuta maji kisimani, mpaka midomo ikafunguka, na jina likatoka, likatoka tena, na kutoka ndani ya msitu, karibu sana, nyuma ya mti wa kwanza tu, sauti ya kukwaruza ikalipokea na kuliimba pamoja naye, bila kukosea hata kidogo.

Alipozinduka alikuwa amekaa chini. Gitaa halikuwepo. Mama Elisabeth alikuwa analia, amejifunika uso kwa kitambaa.

"Juu ya nini," akasema, "juu ya nini uliweka jina ya mutoto ndani?"

Muhire alirudi milimani akamweleza mkewe. Hakuficha neno, na hilo ni jema lake. Christa akasema jina lile halitatajwa tena nyumbani mwao, kwa sala wala kwa mzaha, na mtoto atapewa lingine.

Alizaliwa msichana. Alikuwa mzima, mnene, na kilio chake kilisikika hadi zizini, na Papa Gatera alicheza mbele ya ng'ombe wake kama kijana. Siku ya kupewa jina akamwita Mukabaranga, jina la mama yake mzee, na watu wote wakalisema kwa sauti ili mtoto alizoee. Harufu ilikuwa imeondoka. Ng'ombe walikubali kukamuliwa. Wanakwaya walikumbuka kwamba walikuwa na wimbo fulani mzuri, wakabishana ulianzaje, na hakuna aliyeweza kuukamata hata mstari. Muhire mwenyewe hakupiga tena chombo. Si kwamba alikataa. Alipojaribu, nyuzi zilikuwa nyuzi tu, na hata nyimbo za kanisa zilikuwa kwake kama watu wanaongea wote pamoja. Kwaya ikatafuta mtu mwingine. Ilimuuma, lakini alipombeba binti yake aliona bei ni ya haki.

Déo alipita kuwasalimia wakati mtoto alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa. Alikunywa maziwa, akasifu mashavu ya mtoto, kisha akakuna kichwa.

"Kule Mpofi kuko kitu. Jioni, muntu anaimba mu pori. Bamama banasikia wakiwa mu mashamba, na sasa hata bao beko wanaimba. Ni wimbo muzuri, kaka, ya kuita mutoto fulani. Banamwita jina, banamwita, jina yenyewe ni—"

Christa aliruka akamziba mdomo kwa kiganja. Bakuli la maziwa likaanguka. Déo akabaki ametoa macho, na Christa hakuondoa mkono mpaka Déo alipoitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Baada ya Déo kuondoka, Christa alimweka mtoto kwenye mkeka, akapiga magoti nyuma yake. Alikuwa ameliona jambo hili kwa wiki kadhaa na hakuwa amelisema, alitumaini ni utoto tu.

"Muite," akamwambia mumewe.

"Mukabaranga," Muhire akaita.

Mtoto aliendelea kuchezea kifuniko cha kibuyu.

"Mukabaranga! Muka!" Alipiga makofi, akapiga kidoko, akaita kwa sauti ya baba yake, akaita kwa sauti ya kuimba ambayo hakuwa nayo tena. Mtoto alikuwa na masikio mazuri. Mbuzi akilia mbali alishtuka. Kwa jina lake hakugeuka.

Jua lilikuwa linashuka upande wa Walikale na upepo ulianza kupanda kutoka huko chini, wa uvuguvugu, wenye harufu ya majani yaliyolowa. Muhire hakusikia kitu katika upepo ule. Christa hakusikia kitu. Mtoto aliacha kifuniko. Aligeuza kichwa polepole mpaka akauelekea mlango, akatabasamu kwa ufizi wake wote, akainua mikono kama mtu anayetaka kubebwa, na akatoa sauti ya kuitika.

Christa alikwenda akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo. Walisubiri wote wawili bila kutazamana. Upepo ulipita juu ya mabati, na mtoto, ameketi katikati ya nyumba, akaitika tena.